Mkufu wa Mfalme wa Oberwimm

Oberwimm, 24 Aprili

Kaka yangu Alois,

Salamu nyingi kwako na kwa wifi yangu Wiebke. Sisi huku hatujambo. Nasema sisi kwa mazoea tu. Theluji imekwisha hata nyuma ya ghala, paa wameshuka kutoka msituni na kula machipukizi yote ya waridi langu, na goti langu la kushoto linatabiri mvua kuliko redio. Mama Zierer jirani amepata mjukuu wa kike, mwekundu kama kamba wa kuchemsha, lakini yeye anamwona malaika.

Kadi yenu ilifika, asanteni. Mgongo wako unaendeleaje? Siku ile watu waliuliza sana mjomba yuko wapi. Nikawaambia mgongo umembana. Wakaitikia, "Ah, mgongo," kwa ile sauti ya watu wa kwetu wakiambiwa jambo wasiloliamini.

Sasa nililokuandikia. Tangu lile jambo la Februari, mwenyekiti Zankl wa klabu ya shabaha hanipi nafasi ya kupumua. Anautaka mkufu wa mfalme. Unaujua, umewahi kuuvaa: vibao vya fedha mpaka kitovuni, kila mfalme wa shabaha na kibao chake. Cha Korbinian kilitoka kwa sonara wiki ileile, kimechongwa punda. Nimeutundika sebuleni, kwenye msumari wa picha ya harusi yangu. Zankl alikuja Jumapili baada ya misa.

"Zenzi, mkufu ni mali ya klabu. Kiangazi kuna maandamano vijiji vyote, lazima uonekane."

"Mfalme wa mwaka huu ni nani?"

"Korbinian."

"Na mfalme anakaa nao mpaka lini?"

"Mpaka Januari, atakapopatikana mwingine."

"Basi uko kwa mfalme. Kanuni ni zenu, siyo zangu. Ongeza keki."

Akala keki vipande viwili akaenda zake.

Nimelifungua kabati la Korbinian wangu, kaka. Zimo bastola tatu za upepo. Miaka yote hiyo kila Ijumaa anatoka hapa amenuna, anarudi uso umekunjuka. Mimi nikidhani ni bia. Wewe ndiye uliyemfundisha, hebu niambie: kuna utamu gani katika kutoboa karatasi iliyo hatua chache mbele yako? Nataka kujua alichokuwa anakifuata kule.

Dada yako,
Kreszenz


Karibu na Husum, 19 Mei

Mdogo wangu Zenzi,

Nimefurahi kuuona mwandiko wako. Huku upepo ni uleule, wana-kondoo wamezagaa juu ya tuta la bahari na Wiebke anawagombeza kama vile wanaelewa. Anakusalimu mno. Ametia chumvi samaki wa mtungi mzima, akitaka nikutumie. Nimemwambia mtu wa Bavaria ukimpa samaki huyo anamwita daktari.

Umeniuliza swali ambalo sijaulizwa na mtu tangu nihamie huku. Nitalijibu kama lilivyo.

Ile nyeusi nzito, inayofunguka juu kama mashine ya kubania karatasi, ni Weihrauch niliyomnunulia mwenyewe. Ndiyo Punda. Ina springi ya chuma ndani, na unapovuta triga springi inaruka na bastola yote inaruka nayo, kabla kidonge cha risasi hakijatoka mtutuni. Ukiikaba, inakupeleka kushoto. Ukiilegeza, inakwenda inakotaka. Inataka mshiko wa mtu anayemvusha mtoto barabara. Utamu wake ni kwamba haikupendelei: siku ikikutii, umeifanyia kazi. Korbinian aliigombeza kiangazi kizima pale ghalani, njugu za chestnati zikining'inia kwa uzi kwenye boriti, na siku alipoipiga ya kwanza ikapasuka alinikumbatia miguu nikaanguka kwenye majani makavu.

Ya pili, yenye umbo la filamu za wachunga ng'ombe, ni ya kichekesho. Inatumia kopo la gesi, na siku ya baridi inapiga chafya tu. Lakini panga vifuniko vya chupa za bia juu ya ua, uvirushe kimoja kimoja, usikie vinavyolia. Sijaona mtu mzima asiyecheka.

Ya tatu, yenye chupa ya hewa chini ya mtutu, ndiyo iliyompa ufalme. Tuliiita Daktari. Hairuki, haina kelele, ni sauti ya kizibo tu. Triga yake unaiwaza, nayo imeshakwenda. Utamu wa hiyo ni mkali kidogo: kidonge kikienda pembeni, hakuna wa kumsingizia. Ni wewe.

Mpe Zankl mkufu, Zenzi. Ule msonobari ulimwangukia, kijana wetu amekufa, na fedha ile ukutani haimrudishi.

Kaka yako,
Alois


Oberwimm, 2 Juni

Kaka Alois,

Salamu. Tumesimamisha mti wa Mei, ule mlingoti wa sherehe, umepinda safari hii, kijiji kizima kinamlaumu fundi seremala. Nyasi za kwanza zimekatwa. Paka amezaa ndani ya kapu langu la nyuzi.

Barua yako nimeisoma kila siku, isipokuwa sentensi ya mwisho, ile nimeiruka.

Nimemchukua Punda nikaenda naye ghalani. Kwanza sikuweza kumfungua. Nikamshika katikati ya magoti kama anayemkamua mbuzi mkorofi, akafunguka, akaniuma ngozi ya kidole. Nikapiga. Karatasi haikuguswa. Nikapiga tena, nikatoboa ndoo. Mama Zierer akachungulia mlangoni na kitoto mkononi.

"Zenzi, unaua nini humo?"

"Ndoo."

"Imekukosea nini?"

Nikacheka, kaka. Sikuwa nimecheka tangu lile jambo. Kisha nikakasirika kwa kucheka.

Sasa sikiliza, na usinijie juu. Mfalme huyu anapatikana kwa risasi moja tu, sivyo? Kila mwanachama anapiga zake, na ile iliyokaribia kitovu cha shabaha kuliko zote ndiyo mfalme. Siyo jumla, wala siyo umahiri. Mwaka ule fundi bomba alishinda amelewa. Basi hata mama wa miaka sitini na mitano anaweza. Ijumaa nilikwenda klabuni nikajiandikisha.

Zankl alikaribia kumeza kalamu. "Wewe? Hujawahi kushika hata manati!"

"Nitashika sasa."

"Kwa ajili gani, Zenzi?"

"Mfalme anakaa na mkufu. Nikiwa mimi mfalme, mkufu unabaki kwenye msumari wake. Nawe utakula keki kwako."

Wazee waliokuwa wakicheza karata wakaziweka mezani. Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka.

Nifundishe. Ulimfundisha yeye, nifundishe na mimi.

Kreszenz


Karibu na Husum, 30 Julai

Zenzi mdogo wangu,

Nisamehe kuchelewa. Nyasi za kiangazi, wageni wa Wiebke, mambo yamekuwa mengi. Usishangae mwandiko, naandikia ndani ya gari.

Nilikaa na barua yako muda mrefu. Nilitaka kukuambia ni wazimu. Wiebke akaniambia, "Mtu akizama hachagui kamba." Kwa hiyo nakufundisha, lakini kwa sharti moja: usipige kwa ajili ya mkufu. Anayetaka kushinda mkono wake unajua, nao unakaza. Piga kwa ajili ya utamu wenyewe. Mengine yatajileta.

Simama ubavu ukielekea shabaha, mkono wa kushoto mfukoni, miguu upana wa mabega. Inua bastola juu ya alama nyeusi, kisha teremka polepole pumzi ikitoka. Usiangalie shabaha. Wote wanakosea hapo. Angalia ncha ya mbele ya bastola, iwe kali kama ukingo wa kisu, shabaha ibaki ukungu. Mkono utayumba. Wacha uyumbe, kila mkono wa binadamu unayumba. Wewe endelea kukaza triga kidogo kidogo, mpaka bastola ikushtue yenyewe. Ikishalia usiteremke. Baki hapo juu ukitazama.

Punda mweke pembeni, atakuvunja moyo. Daktari ni ya mtu aliyefuzu. Nakutumia kifurushi. Ni Mtawa, bastola yangu mwenyewe, ile Feinwerkbau ya wenzo wa pembeni. Ina springi kama ya Punda, lakini mwili wake umekaa juu ya reli. Inaporuka, inaruka ndani yake yenyewe, mkono wako hausikii kitu. Ghadhabu yote inaimeza kimya kimya, ndiyo maana tukaiita Mtawa. Mpini nimeuchonga kwa mkono wangu, mbao ya mwalnati, utaona unakuita kidole kwa kidole. Hakuna bastola niliyoipenda kama hiyo.

Kaka yako,
Alois


Oberwimm, 20 Agosti

Kaka Alois,

Salamu kwako na kwa wifi. Plamu zimejaa mti mpaka tawi limevunjika. Nimetengeneza jemu ya kulisha jeshi, na wa kuila ni mimi peke yangu.

Mtawa amefika salama, amefungwa ndani ya sweta lako la kijivu. Mpini ni mkubwa kwa mkono wangu, Zankl amenipunguzia kwa msasa. Ndiyo, Zankl. Kila Ijumaa anasimama nyuma yangu akinung'unika. "Bega, Zenzi. Bega! Unabeba ndoo ya maji?" Mtu mwenyewe anaomba nishindwe, lakini hawezi kuvumilia kuona mtu anasimama vibaya.

Alipiga kwa Mtawa mara moja akaishika muda mrefu. "Hii ni ya Alois," akasema. "Yeye atapiga kwa ipi sasa?" Nami nakuuliza wewe. Utapiga kwa ipi, kaka?

Nami nimeuona utamu ulionieleza. Ijumaa iliyopita. Unavuta ule wenzo, unalia kriii, unaurudisha, unaingiza kidonge kwa kidole gumba, harufu ya mafuta inapanda. Nikainua, nikateremka, ncha ikawa kali, na vyote vikanyamaza. Goti halipo, ghala halipo, jana haipo. Kisha ta, na tundu la duara limekatwa safi ndani ya weusi, kingo zake kama zimepigwa pasi. Nikataka lingine palepale. Nikapiga mpaka wakaanza kuzima taa.

Njiani kurudi nikatambua. Saa ile yote sikumkumbuka Korbinian. Hata mara moja. Nilisimama pale kwenye daraja la mto nikatapika, mtu mzima mimi. Mama gani anamsahau mwanawe kwa ajili ya matundu ya karatasi?

Nimeujua utamu wenu na nimeuchukia. Na Ijumaa nitakwenda tena.

Kreszenz


Oberwimm, 11 Oktoba

Alois,

Hujajibu. Nimepiga simu mara mbili, Wiebke anasema uko kwa kondoo. Saa mbili asubuhi uko kwa kondoo, mchana uko kwa kondoo. Kondoo gani hao wasiokuwa na jioni?

Naendelea vizuri. Zankl anasema vidonge vyangu sasa vinakaa ndani ya weusi kama kuku bandani, isipokuwa mmoja wawili watoro. Ananiletea makopo ya vidonge bila kuombwa. Kwenye maandamano ya kiangazi wote walikwenda bila mkufu. Mfalme wa kijiji cha jirani aliwauliza, wakamwambia uko kwa fundi.

Sikuulizi tena kuhusu mgongo. Nakuuliza lile la Agosti kwa njia nyingine. Kwa nini umenipa Mtawa?

Kreszenz


Karibu na Husum, 3 Novemba

Zenzi mpendwa,

Wiebke ndiye anayeandika, mimi nasema. Mafua yamenibana, kalamu inanichosha, basi. Kabichi za baridi zimestawi, dhoruba imechukua vigae vichache, hakuna la zaidi.

Ulilolisema la darajani limenikaa moyoni. Sikiliza. Korbinian alinijia baba yake alipofariki, akiwa darasa la tatu. Hakulala, hakula. Nikampa Punda ili nimpe kitu cha kukasirikia zaidi ya Mungu. Siku ya chestnati, baada ya kunikumbatia, alilia. Akaniambia, "Mjomba, nimemsahau baba." Nikamwambia baba yake amepumzika kidogo, kubebwa na mtoto siku nzima kunamchosha maiti. Nilibuni tu, nilikuwa sijui la kusema. Lakini alilishika. Alichokuwa anakifuata kule kila Ijumaa ni hicho, Zenzi. Alimtua baba yake, akambeba tena njiani kurudi.

Kuhusu Mtawa, nimechoka nayo tu. Mtu huchoka.

Alois

Wifi yangu, ametoka kwenda kufunga banda, naongeza haya haraka. Hana mafua. Mkono wa kulia unatetemeka tangu mwaka juzi, sasa na wa kushoto umeanza. Daktari wa hospitali ameutaja ugonjwa kwa jina, nao hauponi. Klabuni hajakanyaga tangu Krismasi ya mwaka jana. Februari mgongo haukuwa na shida. Alivaa koti la klabu na kofia yenye unyoya, tikiti ya treni ilikuwa mezani. Zankl alikuwa amempigia simu kwamba mjomba ndiye atakayebeba mkufu juu ya mto, nyuma ya jeneza. Akajaribu hapa jikoni na mto wa kochi na mnyororo wa mbwa. Mnyororo ukalia kwa mtetemo wa mkono wake. Akajaribu tena. Kisha akavua kofia. Alisema, "Kanisa zima watasikia mkono wangu badala ya kengele." Ameniapisha nisikwambie. Nimekwambia.

Wiebke


Oberwimm, 25 Novemba

Kaka Alois,

Usimgombeze Wiebke. Ukimgombeza nitapanda treni nije nikugombeze mimi, na unajua sauti yangu.

Nimekuwa na hasira siku nyingi, ndiyo maana nimechelewa. Nilikuwa nimekukasirikia tangu Februari, nikakuandikia habari za paka na waridi, ili nisikutukane. Nilisema moyoni: alimfundisha kupiga, akamfundisha kucheka, lakini kumsindikiza ameshindwa. Kumbe ulikuwa jikoni na mnyororo wa mbwa.

Mpumbavu wewe. Ungekuja na mikono yako hivyohivyo ilivyo. Ningekushika kiwiko. Ulidhani siku ile kuna aliyekuwa na mkono uliotulia? Zankl aliubeba yeye, akaudondosha kwenye ngazi za kanisa, mbele ya padri. Ulilia kuliko mikono yako yote. Mimi siku ile sikuona wala kusikia kitu, hakuna aliyemcheka, na hakuna aliyenisimulia mpaka wiki iliyopita, nilipomuuliza mwenyewe kwa nini kibao cha mwaka wa mafuriko kimepinda.

Siku ya Watakatifu Wote nilikwenda makaburini na taa. Nilimwashia baba yake Korbinian. Jiwe la kaburi ni moja, lao wote wawili, nimeweka taa upande wa baba tu.

Wiki mbili zijazo tunapiga risasi za ufalme. Nani kapata nini inafichwa mpaka sikukuu ya Wafalme Watatu, tarehe sita Januari. Silali vizuri. Nikiupoteza mkufu ule, kaka, ukuta wangu utakuwa na msumari mtupu na mimi sijui nitautazamaje.

Nipige na ipi, Mtawa au Daktari yake?

Dada yako anayekupenda, mpumbavu wewe,
Zenzi


Karibu na Husum, 4 Desemba

Zenzi,

Wiebke anaandika tena, na safari hii sina mafua.

Piga na Mtawa. Daktari inakuambia ukweli mapema mno. Mtawa ina subira.

Utaniuliza kama inauma kutopiga. Inauma. Siyo medali, hizo ziko kwenye boksi la viatu. Ninachokikosa ni ile nukta kabla triga haijaachia, umeshaamua na bado hujaamua, na dunia haikutaki kitu. Wiebke hunitia bastola kuukuu mkononi nikiomba, isiyo na kidonge, nikafumba macho. Huyumba kama tawi. Lakini mshiko naujua bado.

Nina swali moja nami sitakushurutisha ulijibu. Tuseme umeshinda, mkufu ukabaki. Januari nyingine je? Na nyingine? Utapiga mpaka lini ili mtu asikuombe mkufu?

Nakubusu kwenye paji la uso.

Alois


Oberwimm, 8 Januari

Kaka yangu Alois,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa Wiebke. Watoto wamepita na taji zao za karatasi kama Wafalme Watatu, wameandika baraka kwa chaki juu ya mlango wangu, wakala biskuti zote. Theluji imefika madirishani. Goti lilitabiri.

Swali lako sikulijibu kwa sababu lilinikera, na lilinikera kwa sababu sikuwa na jibu.

Nilipiga na Mtawa. Risasi zote sizikumbuki, ila moja tu, ambayo iliondoka kabla sijaitaka. Nilibaki juu nikitazama, kama ulivyonifundisha, na nikajua imekwenda mahali pazuri. Zankl nyuma yangu hakunung'unika.

Juzi jioni ukumbi ulijaa, bendi ikapiga, bia ikamwagika. Nilivaa nguo yangu nyeusi na juu yake mkufu, kwa sababu mfalme hakuwepo na ndugu ndiye humvalia. Ni mzito, kaka. Kila nikipumua unaongea.

Unaijua desturi. Wa tatu huvishwa mkufu wa breze, ile mikate ya kusokotwa, wa pili mkufu wa soseji, kisha ndipo anaitwa mfalme. Breze akapata fundi bomba, akaanza kuila hapohapo shingoni. Halafu katibu akafungua bahasha ya pili, akaitazama, akanitazama.

"Wa pili," akasema. "Kreszenz Gruber."

Wakaniletea soseji, mzunguko mzima, zingali na moto. Wakanivisha juu ya fedha. Nilisimama mbele ya kijiji kizima nimevaa msiba, mvuke ukinipanda kidevuni. Mtu mmoja nyuma akaguna, mwingine akacheka, nami nikacheka, na ukumbi wote ukacheka na kulia kwa pamoja. Kisha kicheko kikafa, kwa sababu kila mtu alijua nini kinafuata.

Mfalme ni Sepp Zankl. Mwaka mzima ameuandama mkufu huu, na ameshinda kwa unene wa unywele. Akapanda jukwaani mweupe kama ukuta.

"Zenzi," akasema, siyo kwenye kipaza sauti, kwangu tu. "Ubaki nao. Nitawaambia nimekosea kusimama, risasi yangu ifutwe. Sitaki."

"Usiseme uongo, Sepp. Hujawahi kukosea kusimama."

"Basi nautaka ukae kwako. Nani atanipinga? Angalia nyuso zao."

Nikaziangalia. Kweli, hakuna ambaye angepinga. Wangenipa, kaka. Mwaka huu, na mwaka ujao, na mpaka nife, wangenipa kwa huruma, na Oberwimm isingepata mfalme tena. Wangekuja Ijumaa kupiga, na katikati ya kila shabaha ingekuwa nyumba yangu. Hapo nikapata jibu la swali lako.

"Inama," nikamwambia.

"Zenzi..."

"Mrefu kama mnara wa kanisa, nitakufikiaje? Inama."

Akainama. Na mfalme wa zamani anapomvisha mpya lazima aseme maneno, na kama anayevisha siye mfalme mwenyewe, lazima aseme kwa nini. Ndiyo kanuni. Katibu alitaka kunisaidia, akafungua kinywa. Nikamzuia kwa mkono.

Unajua mwaka mzima nimekuandikia lile jambo, lile jambo la Februari. Kwa padri nilisema lile jambo. Kwa daktari wa meno nilisema lile jambo. Nilikaa na fedha ukutani ili nisiseme lingine. Nikavuta pumzi, nikasema mbele ya watu wote, kwa sauti yangu ambayo haikutetemeka mpaka neno la mwisho:

"Mfalme wetu Korbinian amekufa. Mimi mama yake nakuvisha badala yake."

Nikauvua, nikamvisha. Zankl akiwa bado ameinama, nikamfuta machozi kwa pindo la kitambaa changu, na bendi haikujua kama ipige au isipige.

Soseji nilizigawa meza kwa meza, kama inavyotakiwa, nikarudi nyumbani na mbili, yangu na ya Korbinian. Nikazichemsha tena. Nikala moja na haradali, nikiwa nimesimama, bado nina viatu vya theluji. Kisha nikala na yake, kaka, maana amekufa, na hana tena njaa.

Zenzi